Duka la reptilia la mzee wa Kisumu hapa Leicester: chatu wetu alikula siku ya 41

Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyoikata nitaieleza huko mbele.

Naandika kwa ajili ya mzazi mwenye nyoka mpya ndani ya nyumba, na nyoka hataki kula. Oktoba 2025 nilikuwa mimi huyo. Saa nane za usiku nimekaa jikoni, nimetoka zamu ya jioni na sare ya kazi sijaivua, nimeshika simu natafuta kwa Kiswahili mtu aliyewahi kupata shida kama yangu. Kila nilichokipata kilikuwa namna ya kumfukuza nyoka. Nawaelewa. Kwetu Tanga nyoka akionekana uani watu huitana na fimbo kwanza, maswali baadaye, na mimi mwenyewe nimekulia hivyo. Mara ya pekee niliyowahi kumtazama nyoka kwa utulivu ilikuwa kwenye bustani ya nyoka ya Meserani, nje ya Arusha, tena nyuma ya kioo.

Lakini mwanangu Salim, miaka 13, aliomba nyoka tangu ana miaka kumi. Miaka mitatu hakuchoka. Alijifunza, alijaza daftari, alikusanya pesa za sikukuu. Mwisho baba yake akasema basi, anunuliwe, ila awe wa kufugwa kweli na asiwe na sumu. Tukanunua chatu wa kifalme. Ni chatu wa Afrika Magharibi, kwao ni Ghana, Togo, Benin na jirani zake, na si yule chatu wetu wa nyumbani anayeweza kumeza mbuzi. Akikua sana hupita kidogo mita moja na robo, pengine moja na nusu akiwa jike mkubwa. Akiogopa kwa kawaida hajibu kwa kuuma, hujiviringa kuwa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Huko Ouidah, Benin, wana hekalu lao kabisa na watu huwabeba shingoni kwa heshima. Wetu alizaliwa hapa hapa Uingereza kwa mfugaji, alikuwa na gramu 118, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya asali. Salim akamwita Sultani.

Duka tulilomnunua ni kubwa, lina kila kitu kuanzia chakula cha mbwa hadi samaki wa mapambo. Jina lake naliacha. Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba tulitoka pale na nyoka wa pauni 65, tangi la kioo la sentimita 90, mkeka wa joto wa kubandika chini ya tangi, gogo moja la kujificha lililo wazi huku na huku, na pakiti ya panya kumi waliogandishwa. Kijana wa pale alituambia maneno mawili tu: "Mpeni leo usiku. Hawa wanakula vizuri."

Tukampa usiku ule ule. Akageuza kichwa. Kesho yake tukampa tena, akarudi nyuma hadi pembeni mwa kioo. Siku ya tatu Salim alimgusisha panya mdomoni kwa koleo, Sultani akajiviringa mpira na hakujifungua mpaka asubuhi. Katikati ya hayo, marafiki wa Salim walikuwa wakija kila jioni baada ya shule kumshika na kupiga naye picha. Niliwaandalia na chai. Sikujua kwamba kila chai ilikuwa inamwongezea nyoka siku za kufunga.

Wiki mbili zikapita. Nikampigia simu mama yangu Tanga, si kwa ushauri wa nyoka, nilitaka tu kumsikia. Salim akamsalimia, "Shikamoo bibi," kisha akamwambia yote. Kimya. Halafu bibi akasema, "Nyoka? Ndani, mnapolala?" Akavuta pumzi. "Haya, mmeshamleta. Lakini na nyie mnamkimbiza wapi? Bi harusi mwenyewe siku ya kwanza chakula hakipiti, watu wamemzunguka wanamtazama mdomo. Mwacheni apumue." Salim alicheka. Mimi sikucheka, maana neno lile lilinikaa.

Jumamosi ya tarehe 18 tukaenda kwenye hilo duka ninaloliandikia. Ni dogo, chumba kimoja mbele na kingine nyuma, halina bango la kung'aa, na ukiingia unapigwa na joto kama la chumba cha kuangulia vifaranga. Tulisimama tunanong'ona kwa Kiswahili, mimi namwambia Salim anyamaze niongee mimi, mzee wa Kihindi nyuma ya kaunta akainua kichwa.

"Mwatoka Mombasa nyinyi?"

"Tanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mimi wa Kisumu." Alikuja hapa na wazazi wake mwaka 1968, akiwa na miaka 12, wakati ule Wahindi wengi wa Kenya walipohama. Kiswahili chake kimebaki cha Kisumu ya utotoni, na nilikifurahia kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilieleza shida yangu kwa lugha ninayolalia.

Nikamwambia nataka panya aliye hai. Niliamini kabisa kwamba tatizo ni huyu wa barafu, kwamba nyoka anataka kitu kinachokimbia. Mzee akakataa palepale. "Sina, na ningekuwa naye singekuuzia. Panya akiogopa anauma, mama. Nimeletewa hapa nyoka jicho moja limeenda. Na huyo panya pia ana uchungu wake." Baadaye nilisoma kwamba sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamhusu kila mnyama mwenye uti wa mgongo anayefugwa, panya akiwemo. Lakini mzee hakunitajia sheria. Alisema uchungu.

Kisha akaniuliza. Anakaa kwenye nyumba ya ukubwa gani? Joto ni ngapi upande wa moto, ngapi upande wa baridi, na mmepima na nini? Ana mahali pangapi pa kujificha? Mnamshika mara ngapi? Kule alikotoka alikuwa akila nini hasa? Ana gramu ngapi leo? Nilikuwa na jibu la swali la kwanza peke yake.

"Basi leo sikuuzii chakula," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mimi nimekuja na pochi wazi, yuko tayari kupoteza biashara ya siku ile. Akatuazima kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, kile kinachosoma joto la kitu bila kukigusa, kwa amana ya pauni 10, akasema twende tupime, tumpigie simu.

Tukapima. Sakafu ya kioo juu ya mkeka: nyuzi 43. Upande wa pili: 20. Yaani Sultani alikuwa na chaguo mbili, kuungua tumbo au kukaa kwenye baridi, na alikuwa amechagua baridi. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Akimeza panya mahali pa baridi, chakula kinamlalia tumboni hakisagiki, na mara nyingi hukitapika. Mwili wake unalijua hilo kuliko sisi tuliokuwa tunamsukumia koleo mdomoni. Mwanangu alisoma ile namba 43 akaweka kipimajoto chini, akatoka chumbani. Nilimfuata. Nikamwambia, mwanangu, tuliambiwa vibaya, sasa tumejua.

Tulirudi dukani jioni ile ile, dakika ishirini kabla hawajafunga. Vitu nilivyonunua ni hivi, na naviandika na bei kwa sababu mimi mwenyewe ningependa kuambiwa.

Cha kwanza ni themostati, pauni 34. Ni kiboksi kinachokaa kati ya mkeka na umeme, kina waya mwembamba wenye kihisi cha kubandika pale mkeka ulipo. Joto likifika ulipopanga kinakata, likishuka kinarudisha. Tuliweka 32. Kwa wiki ya kwanza nilikuwa nikiamka kuhakikisha, na kila mara ilikuwa kati ya 31 na 33. Hiki ni kitu ambacho hakikupaswa kutenganishwa na mkeka hata siku moja. Kumuuzia mtu mkeka wa joto bila themostati ni kumuuzia jiko lisilo na swichi. Lawama yangu moja kwa kifaa chenyewe: waya wa kihisi ni mfupi, ilibidi tusogeze kabati.

Cha pili ni mapango mawili ya plastiki, pauni 4 kila moja, mabaya kwa macho, meusi, yana mlango mmoja mdogo. Nilitaka yale ya mfano wa mwamba ya pauni 18. Mzee akasema nyoka hana habari na uzuri. "Anataka ubavu uguse ukuta." Kwao chatu wa kifalme hukaa mchana kutwa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na shimo zuri kwake ni lile linalombana kidogo. Mapango yawe mawili yanayofanana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kupata joto na kujificha. Lile gogo letu lililo wazi pande zote mbili lilikuwa sawa na kumlaza mtoto barazani.

Vingine vilikuwa vidogo: kipimaunyevu cha pauni 7 (anataka kama asilimia 60, nyumba zetu hizi za mitambo ya joto huwa kavu), na koleo refu kuliko lile tulilokuwa nalo. Ushauri uliobaki ulikuwa bure. Funikeni pande tatu za tangi kwa karatasi nyeusi. Jazeni nafasi iliyo wazi kwa magazeti yaliyofinyangwa na matawi ya plastiki, tangi la sentimita 90 kwa nyoka wa gramu 118 ni uwanja wa mpira. Msimshike hata kidogo. Msimpe chakula siku saba kamili. Badilisheni maji tu, mwondoke.

Na akanituma kazi moja zaidi: nimpigie kijana wa duka la kwanza nimuulize kadi ya mlo ya mfugaji. Sikujua kuna kitu kama hicho. Ilikuwepo, ndani ya droo yao, hawakutupa. Siku ya Jumatatu walinitumia picha yake. Sultani alikuwa amekula mara tisa tangu aanguliwe, na mara zote tisa alikula panya wadogo wa nyumbani, wale jamii ya panya wa kabatini. Sisi tulikuwa tumeuziwa watoto wa panya wakubwa. Kwa macho yetu panya ni panya. Kwa nyoka ni harufu nyingine kabisa, na chatu wa kifalme mchanga anajulikana kwa kung'ang'ania kile alichoanza nacho. Huko porini hula hata watoto wa panya buku, wale wale ndugu za panya wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu, lakini huyu wetu hajawahi kuona pori. Fikiria mtoto uliyemlea kwa uji wa ulezi, umpelekee nyumba ya ugenini, umwekee maharage, halafu useme hana hamu ya kula.

Sasa niwaambie ukweli wa sehemu ngumu. Kurekebisha kila kitu hakukumfanya ale. Tarehe 25 tulimpa panya mdogo aliyepashwa vizuri, akamnusa kwa muda mrefu kuliko zamani, ulimi unatoka na kurudi, kisha akaingia pangoni. Mizani ya jikoni ilisema gramu 111. Nilimpigia mzee nikiwa na hofu na nadhani sauti ilinitetemeka, kwa sababu aliacha Kiingereza cha simu akahamia Kiswahili. "Mama, andika hii. Mia na sita. Akifika mia na sita usinipigie mimi, mpeleke kwa daktari wa wanyama wa aina hii, na beba kinyesi chake wakakipime. Kabla ya hapo, ngoja." Mia na sita ni kama sehemu moja ya kumi imetoka kwenye uzito wake wa mwanzo. Kuwa na namba ya kusubiri kulinipa usingizi. Kabla yake hofu yangu haikuwa na mpaka.

Alinieleza pia kwamba chatu wa kifalme mkubwa na mwenye afya anaweza kufunga miezi kadhaa asidhurike, lakini huyu bado mtoto, hana akiba hiyo, ndiyo maana tunapima kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Kupima ndiyo ruhusa pekee ya kumgusa, na tulimpima ndani ya pango lake, tukitoa uzito wa pango.

Tarehe 1 Novemba macho yake yalikuwa yamegeuka rangi ya bluu kama maziwa yaliyochujwa. Salim alidhani anapofuka. Alikuwa anataka kujivua gamba, na nyoka akiwa hivyo haoni vizuri, huwa na wasiwasi, wengi hawali. Kwa hiyo wiki hiyo hatukumpa kitu. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 alijivua, ngozi nzima, kipande kimoja kuanzia puani hadi ncha ya mkia, na vile vifuniko viwili vya macho vimo, vidogo kama vioo vya saa ya mkononi. Salim ameihifadhi ndani ya daftari lake. Gramu 108.

Siku ya 41 ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Novemba.

Panya tulimnunua kwa mzee, mmoja mmoja, peni 90. Hii ni sababu nyingine ya nyota zangu: anauza mmoja, huhitaji kununua kumi ambao nyoka wako anaweza kuwakataa. Kila mmoja amepimwa na kufungwa peke yake. Wale wa duka la kwanza walikuwa wameshikana kwa barafu, na mmoja tumbo lilipasuka alipoyeyuka. Hawa wa mzee wakiyeyuka ni wakavu, wasafi, hawanuki. Sisi tunawaweka kwenye friza ndogo ya mtumba iliyoko bandani, kwa sababu jikoni kwangu hawaingii, na kila kilichowagusa kinaoshwa peke yake. Mikono pia, sabuni na maji ya moto, nyoka naye hubeba vijidudu vya kuharisha.

Saa kumi na mbili jioni tulimtia panya kwenye mfuko uliofungwa vizuri, tukamwacha maji ya baridi ayeyuke mpaka katikati. Maikrowevu hapana kabisa, anapasuka, nje moto ndani barafu. Saa mbili usiku tukamhamishia maji ya moto ya bomba, dakika kumi. Tukamkausha kwa taulo la karatasi, kisha Salim akampuliza kichwa kwa draya ya nywele. Hilo la kichwa ni siri ya mzee. Juu ya mdomo wa chatu wa kifalme kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, gizani anaona joto kama sisi tunavyoona taa. Kichwa cha panya kikiwa na joto kuliko mwili, anajua pa kushika.

Tulizima taa ya chumba, tukaacha ya koridoni na mlango umebaki wazi kidogo. Salim alipiga magoti. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika ukuta. Sultani alikuwa pangoni upande wa joto, kichwa kimechungulia mlangoni, kidevu kimelala kwenye karatasi. Salim akamshika panya kwa koleo nyuma ya mabega, akamleta polepole kwa ubavuni, si usoni, akasimama kama kiganja kimoja mbali. Hakumtikisa. Ulimi wa Sultani ulitoka, ukabaki nje ukipanda na kushuka taratibu, tofauti kabisa na ule wa haraka haraka wa hofu. Shingo ikarudi nyuma kidogo ikajikunja. Nilisikia mwanangu ameacha kupumua.

Sikuona alipogonga. Nilisikia tu koleo likigonga ukuta wa pango, na nilipoangalia panya alikuwa ameshazungushwa mizunguko miwili, kichwa chake hakionekani. Salim hakupiga kelele. Aliachia koleo pale pale lilipoangukia, akarudi nyuma kwa magoti, akanishika mkono. Tukakaa sakafuni sote wawili. Dakika kumi na mbili Sultani hakusogea, anabana kitu ambacho kilikwisha kufa zamani, kwa sababu ndivyo anavyojua. Kisha akalegeza, akaanza kumpapasa panya kwa pua mzima mzima akitafuta kichwa, akakipata, taya la kushoto likasogea mbele, la kulia likafuata, kama mtu anayevaa soksi. Mkia ulibaki nje kidogo kama uzi. Ukaingia. Akapiga miayo miwili mirefu kurudisha taya mahali pake, akaingia pangoni.

Ilikuwa saa tatu na dakika arubaini. Tanga ilikuwa imeshapita usiku wa manane, lakini Salim alimtumia bibi ujumbe wa sauti. Asubuhi tulikuta jibu. "Alhamdulillahi. Sasa msimwamshe."

Hatukumgusa siku mbili baada ya pale, maana nyoka akishikwa na chakula bado kibichi tumboni anaweza kukirudisha. Alhamisi iliyofuata alikula tena. Na iliyofuata. Mwishoni mwa Desemba aliruka wiki moja na hatukufanya lolote, wiki iliyofuata akala. Wiki ya pili ya Januari alikuwa na gramu 149.

Sasa ile nusu nyota. Duka linafungwa Jumapili na Jumatatu, yaani ukipata shida Jumamosi usiku una siku mbili nzima za kukaa nayo. Kadi hapokei chini ya pauni 10, wakati panya ni peni 90. Ukubwa wa panya umeandikwa kwa kalamu juu ya mfuko na barafu huufuta, mara moja nilifika nyumbani na panya mkubwa kuliko nilivyotaka. Kipimo chetu ni unene: panya asizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Na kuna kusubiri. Mzee anaongea na kila mteja mpaka aridhike, watu watatu mbele yako ni saa nzima. Nilikasirika siku moja, nina zamu ya kuwahi, mbele yangu kuna binti na kobe wake. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nilichukua zaidi ya hiyo saa.

Wenye nyoka mpya: kabla hamjanunua kitu chochote pale, pimeni joto mkafike na namba. Na ombeni kadi ya mlo siku ile ile mnayomlipia nyoka, dukani, kabla hajatiwa kwenye mfuko. Ile amana yangu ya pauni 10 nilirudishiwa siku niliyorudisha kipimajoto, na mzee alitaka kuona picha ya mkia ukiwa nje ya mdomo. Salim alikuwa nayo. Mzee aliitazama muda, akavaa miwani akaitazama tena, kisha akatoa daftari chini ya kaunta na kuandika tarehe, "Sultani, Tanga," na gramu.

Alhamisi hii tunaanza kumzoesha panya wakubwa, kwa sababu akikua panya wadogo hawatamtosha. Mzee ametupa mmoja mchanga aliyelala siku nzima kwenye mfuko mmoja na panya mdogo ili achukue harufu yake. Hakutuchaji. Amesema tukifanikiwa tutalipa.